Chuo Kikifungwa, Masomo Yaende Wapi?

Haya ni maneno yaliyosemwa na mwalimu mmoja wa jamii yetu katika mkutano wa kuadhimisha Siku ya Wakimbizi Duniani, uliofanyika Pajulu, Arua. Kamati imeyachapa kwa maombi ya wazazi waliohudhuria, na ya wale ambao hawakuweza kufika.



Kila mwaka tarehe 20 Juni tunasimama kimya kuwakumbuka waliofia njiani, na wale tuliowaacha nyuma bila kuwazika. Ni haki kufanya hivyo. Lakini mwaka huu naomba tukumbuke pia hasara nyingine, iliyotupata tukiwa tumekwisha fika salama, bila risasi hata moja kulia. Nasema juu ya masomo ya vijana wetu wa vyuo vikuu katika miaka ya korona.

Tumekutana hapa Pajulu, wala si kambini, kwa sababu wengi wa watoto wetu wanaosoma wamepanga vyumba upande huu, karibu na mji. Chuo Kikuu cha Muni, chuo cha serikali kilichoanzishwa mwaka 2013, hakiko mbali. Vyuo vikuu vingine navyo vina matawi yao Arua. Wengine wetu tuna watoto Kampala, karibu kilomita 500 kutoka hapa. Kwa hiyo swali nililopewa, yaani jinsi chuo kikuu kinavyoweza kuendelea kufundisha wakati wa maradhi ya kuambukiza, ni swali la nyumbani kwetu.

MILANGO ILIVYOFUNGWA

Tukumbushane kwanza yaliyotokea, maana watu husahau upesi.

Tarehe 18 Machi 2020 Rais wa Uganda alitangaza kwamba shule na vyuo vyote vifungwe kuanzia tarehe 20. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alithibitishwa tarehe 21. Wanafunzi waliambiwa ni mwezi mmoja. Vijana wetu walirudi na begi moja moja, vitabu wakaviacha vyumbani, godoro wakalifunga kwa kamba wakamwachia mwenye nyumba. Mwezi ukawa miezi. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho waliruhusiwa kurudi katikati ya Oktoba 2020, na wengine mapema mwaka 2021. Mwezi Juni 2021 ugonjwa ukapanda tena na vyuo vikafungwa mara ya pili. Vilifunguliwa tarehe 1 Novemba 2021. Shule za msingi na sekondari zilingoja hadi tarehe 10 Januari 2022. Katika dunia nzima, Uganda ni miongoni mwa nchi zilizofunga shule kwa muda mrefu kupita zote.

Jirani zetu walikwenda kila mmoja na njia yake. Tanzania ilifunga vyuo Machi 2020 ikavifungua tarehe 1 Juni mwaka huo huo. Kongo ilifunga mwezi huo huo wa Machi ikaanza kufungua Agosti. Sisemi nani alipatia na nani alikosea. Nasema tu kwamba mwanafunzi wa hapa alikaa nje muda mrefu kuliko ndugu yake aliyebaki Bunia au aliyekimbilia Kigoma.

Kumbukeni pia hali ya kambi zetu siku zile. Usafiri wa abiria ulikatazwa mwishoni mwa Machi. Wilaya nyingine ziliporuhusiwa Juni, wilaya za mpakani, pamoja na zetu, zilibaki zimefungwa. Mwezi Aprili Shirika la Chakula Duniani lilipunguza mgao wa wakimbizi kwa asilimia 30, kwa kukosa fedha. Aliyekuwa akipokea shilingi 31,000 kwa mwezi akapokea 22,000. Februari 2021 upungufu ukafika asilimia 40. Katika hali hiyo ndipo mtoto alipomwambia mama yake: naomba pesa ya bando, nina mhadhara saa nne.

Ndugu zangu, mama gani angejibu vizuri?

VYUO VILIFANYA NINI

Vyuo vikuu vya Uganda havikulala vyote. Baraza la Taifa la Elimu ya Juu lilitoa mwongozo mwaka 2020 wa kufundisha kwa mbali wakati wa dharura. Chuo kilitakiwa kionyeshe kwanza kwamba kinao uwezo, ndipo kipewe ruhusa. Makerere tayari walikuwa na mtambo wao wa masomo ya mtandao, unaoitwa MUELE, uliojengwa miaka mingi kabla ya korona. Shirika la RENU, linalounganisha vyuo na taasisi za utafiti kwa intaneti, lilielewana na kampuni za simu za MTN na Airtel ili mwanafunzi aweze kufungua kurasa za masomo za chuo chake bila kutozwa bando. Hilo lilikuwa jambo jema, na waliolifanya wanastahili shukrani.

Lakini jambo jema lina mipaka yake. Kurasa zilikuwa bure, simu haikuwa bure. Simu janja bila chaji ni kipande cha kioo. Mwaka 2020 West Nile yetu haikuwa imeunganishwa na gridi ya taifa. Tulitegemea bwawa dogo la Nyagak na majenereta, na umeme wa mji wenyewe ulikuwa wa mgao. Kambini tulitegemea sola na vibanda vya kuchajia simu. Isitoshe, mwezi Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilikatwa nchi nzima kwa siku tano. Chuo kilichokuwa kimeweka kila kitu mtandaoni hakikuwa na la kufanya siku hizo.

Likaja suala la mitihani. Chuo kikuu kimoja cha binafsi, kilichokuwa kimejiandaa vizuri kupita vingi, kilitaka wanafunzi wake wafanye mitihani kwa mtandao wakiwa nyumbani. Serikali ikazuia, kwa hoja kwamba si kila mwanafunzi angefikiwa. Wakati ule watu waligawanyika. Wengine walisema: kwa nini aliye tayari amngoje asiye tayari? Wengine walisema: mtihani ambao nusu ya darasa hawauoni si mtihani. Mimi nilikuwa na hasira na pande zote mbili. Leo naona kwamba swali lenyewe lilichelewa. Aliyepaswa kuuliza mwanafunzi yuko wapi na ana nini mkononi alipaswa kuuliza mwezi Machi, siku ya kufunga milango, wala si siku ya mtihani.

Tena yako masomo ambayo simu haiwezi kuyabeba. Muuguzi hajifunzi kufunga jeraha kwa kutazama picha. Mwalimu mwanafunzi hawezi kufanya mazoezi ya kufundisha wakati shule zenyewe zimefungwa. Hao walingoja, na hakukuwa na njia nyingine.

VIJANA WAWILI

Sasa niwape habari za vijana wetu wawili. Wote wawili wameniruhusu niseme, bila majina. Wote walitoka kambi moja, wote walikuwa mwaka wa pili korona ilipoingia, wote walikuwa na akili nzuri. Vyuo vyao pia sitavitaja.

Wa kwanza ni binti aliyekuwa akisomea ualimu. Hakuwa na kompyuta. Alikuwa na simu janja ya zamani yenye kioo kilichopasuka, na alipanda kichuguu nyuma ya nyumba yao ili apate mtandao. Mihadhara ya video ilimshinda siku ya kwanza tu. Wataalamu wa simu watawaambia: saa moja ya mkutano wa video huweza kula zaidi ya megabaiti 500, lakini sauti peke yake ya saa moja, ikirekodiwa kwa kiasi, huingia katika megabaiti 30 au pungufu. Na maandishi ya kurasa ishirini yasiyo na picha hayafiki hata megabaiti moja. Mhadhiri wake mmoja alilijua jambo hilo. Akaacha video. Akawa anarekodi sauti yake kwa vipande vifupi, anaituma kwa WhatsApp usiku, pamoja na maandishi. Mwanafunzi alipakua alfajiri mtandao unapokuwa mwepesi, akasikiliza mchana akichota maji.

Mhadhiri huyo alifanya jambo la pili. Alikuwa na daftari lenye majina ya wanafunzi wake wote na namba zao, na namba ya mzazi au jirani. Kila wiki mbili aliwatafuta wale waliokuwa kimya. Si kwa kuwagombeza. Aliuliza: uko wapi, umekula, umefika sura ya ngapi? Na waliokosa simu kabisa, idara ilipiga chapa maandishi ya muhula mzima ikayafunga katika bahasha. Abiria walikuwa wamekatazwa kusafiri, lakini malori ya mizigo yaliruhusiwa. Basi bahasha zikaja Arua juu ya lori, pamoja na sabuni na mafuta ya kupikia, na bodaboda wa mizigo akazifikisha kambini. Binti yetu alinakili ya kwake kwa mkono ili aweze kumwazima mwenzake.

Vyuo vilipofunguliwa alirudi. Vilipofungwa mara ya pili, Juni 2021, alirudi nyumbani akiwa anajua la kufanya. Leo ni mwalimu. Watoto wa baadhi yenu anawafundisha yeye.

Wa pili ni kijana aliyekuwa akisomea uhasibu. Yeye alikuwa na simu ya tochi tu. Mihadhara yao ilikuwa ya video na matangazo yao ya WhatsApp. Hakupata hata moja. Alikaa akingoja kutangaziwa kwa redio kwamba chuo kimefunguliwa, kama redio zetu za Arua zilivyokuwa zikitangaza habari nyingine zote. Mwaka 2021 vyuo vilipofunguliwa mapema alikuwa amekwenda kulima vibarua, na ada hakuwa nayo. Akasema nitarudi muhula ujao. Kisha kukafungwa tena. Tarehe ya kujiandikisha upya ilitangazwa kwenye kundi la wanafunzi ambalo yeye hakuwamo. Alipata habari Januari 2022, alipoona watoto wa shule ya msingi wamevaa sare. Alipofika chuoni aliambiwa jina lake limeondolewa, aombe upya kama mtu mpya. Leo ni bodaboda hapa mjini. Si kazi ya aibu, wala yeye haoni aibu. Ila kila nikipanda pikipiki yake huniuliza swali moja: "Mwalimu, hivi hakukuwa na mtu wa kuniambia?"

Nimelitafakari swali hilo miaka kadhaa. Ningependa kuwaambieni kwamba kosa lilikuwa la chuo peke yake. Lakini siwezi, kwa sababu mimi mwenyewe mwaka ule nilikuwa mwandishi wa kamati ya mtaa wetu kambini. Nilikuwa na orodha. Nilijua kila kaya ina watu wangapi, nani mjamzito, nani mzee, nani anastahili mahindi na nani fedha. Nilikuwa na namba ya simu ya baba yake kijana huyo. Mwezi Oktoba 2021 binti wa kwanza alipita nyumbani kwangu akaniambia, Mwalimu, tunarudi chuoni Novemba. Nilifurahi, nikampa mkono. Haikunijia akilini kuuliza: na wengine je? Tulikuwa na orodha ya mahindi, hatukuwa na orodha ya wanafunzi. Jibu la swali la kijana yule ni kwamba mtu alikuwapo, naye ndiye huyu anayesema nanyi.

SI JAMBO GENI

Wako watakaosema kwamba kusoma mbali na chuo ni mambo ya wazungu na kompyuta zao. Hapana. Makerere ilianza kufundisha wanafunzi wa nje, wasioishi chuoni, mwaka 1991, hapakuwa na simu za mkononi wala intaneti mikononi mwa watu. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992 kikaanza kufundisha kwa vitabu, kaseti na vituo vya mikoani. Mwalimu wa kijijini alipata shahada bila kuacha darasa lake. Wenzetu waliosoma Kongo wanajua jinsi mwanafunzi alivyoweza kununua daftari la kozi lililopigwa chapa na mwalimu wake, akalibeba hata akihama mji kwa sababu ya vita. Daftari lile lilifanya kazi ambayo mtandao unaifanya leo, tena halikuhitaji chaji.

Na tuwatazame wakimbizi wenzetu. Katika kambi za Dadaab, Kenya, mwaka 2013 ulianzishwa mpango uliounganisha Chuo Kikuu cha York cha Kanada na vyuo vikuu vya Kenyatta na Moi, kuwasomesha walimu wakimbizi palepale walipo. Kilijengwa kituo cha masomo, wahadhiri wakawa wanakuja kwa zamu, na kazi nyingine ikafanyika kwa mtandao. Korona ilipokuja, watu waliokwisha zoea kusoma namna hiyo hawakuanzia sifuri.

Wenyeji wetu nao wana somo la kutupa. Baada ya serikali ya Idi Amin kuanguka mwaka 1979, na vita vilivyofuata, watu wa West Nile walikimbilia Zaire na Sudan. Huko Sudan wakimbizi wa Uganda walianzisha shule zao wenyewe za kujitegemea, chini ya miti na katika vibanda vya nyasi, walimu wakiwa wakimbizi kama wanafunzi. Wazee wa Pajulu waliopo hapa wanaweza kutusimulia. Hawakungoja kurudi nyumbani ndipo wafundishe. Ndiyo maana waliporudi walikuwa na watu waliosoma.

Na sisi wa Kivu ya Kaskazini na Ituri tunayo yetu. Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 iliendelea hadi tarehe 25 Juni 2020 na kuua watu 2,287. Hata hivyo shule nyingi hazikufungwa. Ndoo ya maji yenye klorini iliwekwa mlangoni, joto la mwili likapimwa, aliyeumwa akapelekwa kutazamwa. Najua Ebola na korona si ugonjwa mmoja. Ebola humshika mtu kwa kugusa majimaji ya mgonjwa au maiti, lakini korona hupita kwa pumzi, tena huweza kutoka kwa mtu asiyeonyesha dalili. Kwa hiyo kukaa mbalimbali kulihitajika. Ninachosema ni kwamba tulikwisha jifunza tabia moja: ugonjwa ukiingia, kabla ya kufunga uliza kwanza ni kitu gani kinaweza kuendelea, na kwa njia ipi.

TUFANYE NINI

Mheshimiwa Mwenyekiti, sikuja kulia. Maradhi yatarudi. Uganda ilipata Ebola ya aina ya Sudan Septemba 2022, na mwaka ule shule zilifungwa wiki mbili kabla ya muda wake. Ebola hiyo ilitokea tena Januari 2025, safari hii Kampala kwenyewe. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa tumeuona. Naomba Kamati ipokee mapendekezo manne, nayo si ya gharama kubwa.

Kwanza, daftari la wanafunzi. Kamati iandike jina la kila mwana wa jamii yetu aliye chuo kikuu au chuo cha ualimu, uuguzi na ufundi: chuo gani, mwaka gani, namba yake ya usajili, simu yake, na simu ya jirani mmoja. Liandikwe kwa kalamu katika daftari gumu, na nakala ikae kwa mtu wa pili. Lipitiwe kila muhula. Na atakayekuwa kimya atafutwe, hata kama ni kwa baiskeli.

Pili, chumba cha kusomea. Hakihitaji kuwa jengo jipya. Darasa moja la shule, au ukumbi wa kanisa au wa msikiti baada ya sala, penye sola, meza na benchi, na mahali pa kuchajia simu. Kila mlango uwe na maji na sabuni. Ikiwa kutatakiwa kukaa mbalimbali, wakae kwa zamu, madirisha wazi.

Tatu, karatasi. Kila mwanafunzi anaporudi likizo alete maandishi ya kozi zake, yapigwe fotokopi moja, yawekwe katika sanduku la chumba hicho. Anayefuata mwaka ujao atayakuta. Panya na mchwa ni maadui zetu, kwa hiyo sanduku liwe la bati.

Nne, barua kwa vyuo. Kamati iviandikie vyuo ambako watoto wetu wanasoma, kwa heshima, ieleze kwamba tupo, na kwamba siku wakifunga milango wanaweza kutuma bahasha au ujumbe kwa Kamati nasi tutaufikisha. Tuwaombe pia jambo moja: asiyejitokeza siku ya kujiandikisha wakati wa maradhi aulizwe kwanza kabla jina lake halijafutwa. Msajili wa chuo hawezi kumjua mtoto wa kambini. Sisi tunamjua.

Najua mama mmoja ataniuliza baada ya mkutano, kama alivyoniuliza jana: Mwalimu, chakula hakitoshi, wewe unaongea chuo kikuu? Mama yangu, sina jibu la kukushibisha. Nakujibu hivi tu. Takwimu za Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi zinaonyesha kwamba mwaka 2019 vijana wakimbizi waliofika elimu ya juu duniani walikuwa asilimia 3 tu. Mwaka 2023 walifika asilimia 7. Lengo ni asilimia 15 ifikapo mwaka 2030. Kila mmoja wao amepita katika tundu la sindano: shule ya msingi ya watoto mia katika darasa moja, sekondari ya ada, lugha ngeni, na ufadhili unaogombewa na wengi, kama ule wa DAFI ulioanzishwa mwaka 1992 kwa msaada wa Ujerumani. Mtoto akifika chuoni baada ya hayo yote, kisha akapotea kwa sababu hakuna aliyempigia simu, tumetupa jasho la miaka kumi na mitano kwa kukosa dakika tano. Na siku mgao utakapokwisha kabisa, ni nani atakayetusemea, atakayetutibu, atakayewafundisha wajukuu wetu? Ni hao.

Nanyi vijana, nina neno kwenu. Msingoje Kamati. Mwenye simu janja amsomee asiye nayo. Mwenye maandishi aazime. Mkisikia tarehe yoyote ya chuo, mtangaze kama mnavyotangaza mpira. Anayeficha habari ili abaki mbele peke yake, atafika peke yake.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nimekuja na daftari. Ni hili hapa, jipya, la kurasa mia mbili. Ukurasa wa kwanza nimekwisha andika jina moja, la kijana yule wa bodaboda, kwa ruhusa yake. Amekubali kuomba chuo upya, na amesema yuko tayari kuanza mwaka wa kwanza pamoja na watoto wadogo. Ada hana. Hilo ni jambo la mkutano mwingine, na nitalileta. Lakini leo, kabla hatujatawanyika kwenda kula, naomba kila mzazi mwenye mtoto chuoni apite hapa mezani aandikishe. Asiyejua kuandika nitamwandikia. Mwenyeji wa Pajulu mwenye mtoto chuoni naye apite, maana ugonjwa ukija hautauliza nani mkimbizi na nani mwenyeji.

Kalamu iko mezani.